Kidole cha Carney, kura ya Hamilton: usiku North Carolina ilipofungua mlango wa kupasua miamba

Jumatatu, 2 Julai 2012, saa tano usiku ilikuwa imeshapita na taa za Bunge la jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, zilikuwa bado zinawaka. Katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, kila mbunge ana vitufe mezani kwake: kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana. Becky Carney, mbunge wa chama cha Democratic kutoka Charlotte, alikuwa ameshinda akizunguka kwa wenzake, akiwasihi wasimwangushe gavana, aliyekuwa ameukataa muswada wa kuruhusu uchimbaji wa gesi. Kura ikaitwa. Akanyoosha kidole, akabonyeza kijani.

Sekunde chache baadaye akasikika akisema kwa mshtuko kwamba amebonyeza kijani. Akamkimbilia Spika, akamkimbilia kiongozi wa chama chake, akaomba arekebishe. Akaambiwa imeshapita. Ubao ulisoma 72 kwa 47, na kwa hesabu hiyo North Carolina ikawa imehalalisha uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, jambo ambalo mama huyu alikuwa amelipinga tangu asubuhi.

Kisa kinaposimuliwa huishia hapo. Magazeti ya Marekani yalikibeba, na hadi leo mtu akitaja kura ya kupasua miamba ya North Carolina, kinachokuja kichwani ni kidole kilichokosea. Lakini kura 72 ni kura 72, na ya Carney ilikuwa moja tu kati yake. Kulikuwa na mbunge mwingine wa chama chake, Susi Hamilton wa Wilmington, ambaye naye alipiga ndiyo, na yeye hakuteleza. Ilidaiwa kwamba kura yake ilikuwa na bei, na kwamba bei yenyewe ilikuwa nafuu ya kodi kwa wapiga filamu. Ukitaka kuelewa jinsi sheria zinavyopikwa kule, kidole cha Carney hakitakusaidia sana. Fuata kura ya Hamilton.

Kwanza tuelewane kilichokuwa kinapigiwa kura. Gesi asilia ya Songo Songo au Mnazi Bay imekaa kwenye miamba yenye vinyweleo. Ukitoboa ipasavyo, inapanda yenyewe. Gesi ya North Carolina imenasa ndani ya mwamba wa tabaka, mgumu na mkavu, usioruhusu kitu kupita. Kwa hiyo kisima hushuka wima, kisha hukata kona na kwenda mlalo ndani ya mwamba wenyewe, halafu maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa kwa nguvu kubwa hadi mwamba upasuke. Maji yakirudi juu, punje za mchanga hubaki kwenye nyufa zikizizuia zisijifunge, na gesi hupenya. Waingereza wanaita fracking. Mimi nitasema kupasua miamba, au fraki pale ulimi ukichoka.

Hofu ya watu inajulikana. Maji hayo hurudi juu yakiwa na chumvi na kemikali, na lazima yapelekwe mahali. Kisima kisipozibwa vizuri kwa saruji, gesi inaweza kuvuja hadi kwenye maji ya kunywa. Na katika kaunti za Lee, Chatham na Moore, ambako mwamba huo upo, watu wengi vijijini wanakunywa maji ya visima vyao wenyewe, huku mwamba wa gesi ukiwa karibu zaidi na uso wa ardhi kuliko ule wa Pennsylvania ambako biashara hii ilishamiri.

Kwa nini lakini suala zito hivi liamuliwe na bunge la jimbo na si na serikali ya Washington? Sababu moja ni sheria ya nishati ya mwaka 2005, ambayo iliitoa fraki chini ya sheria ya taifa inayolinda maji ya kunywa, isipokuwa pale dizeli inapotumika. Kuanzia hapo mzigo mkubwa wa kuamua ukabaki kwa majimbo. Pennsylvania wakasema ndiyo. New York wakasitasita, kisha wakakataa. North Carolina walikuwa na sheria za zamani zilizokuwa zinazuia uchimbaji wa mlalo, kwa hiyo bila sheria mpya hakuna ambacho kingefanyika.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kulipita bila kuliona. Kwetu, madini na gesi ni mali ya taifa. Wewe una shamba la juu tu. Marekani, mwenye ardhi anaweza kuwa mwenye kilicho chini pia, na anaweza kuuza cha chini akabaki na cha juu, au kinyume chake. Katika miaka hiyo kulikuwa na watu North Carolina walionunua nyumba mpya, wakahamia, wakapanda maua, ndipo wakagundua kwamba mjenzi alikuwa amejibakizia haki ya kilicho chini ya jiko lao. Ndiyo maana mjadala haukuwa wa wanaharakati wa mazingira peke yao. Wakulima wa kihafidhina kabisa wa kaunti ya Lee nao walikuwa na maswali.

Muswada wenyewe uliitwa sheria ya nishati safi na usalama wa uchumi. Jina zuri, sina la kuongeza. Haukuruhusu mtu kuanza kuchimba kesho yake: uliunda tume ya kuandika kanuni, na vibali vingesubiri. Lakini ulivunja kizuizi cha kisheria, na wote waliokuwa ukumbini walijua kwamba mlango ukishafunguka, kuufunga ni kazi nyingine.

Gavana wakati huo alikuwa Bev Perdue wa Democratic, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho North Carolina, aliyekuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena. Hakuwa adui wa fraki kwa kila hali, ila alisema muswada haukuwa na ulinzi wa kutosha kwa maji na kwa wananchi. Akaukataa Jumapili, 1 Julai. Haki hiyo ya gavana kukataa muswada nayo ina historia yake. North Carolina ndilo jimbo la mwisho Marekani kumpa gavana wake turufu hiyo. Wananchi waliipitisha kwa kura mwaka 1996. Kwa hiyo Perdue alikuwa anatumia silaha ambayo magavana wengi waliomtangulia hawakuwahi kuishika.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, nami nakuomba uvumilie kidogo maana siri yote imo humo. Kumshinda gavana, bunge linahitaji tatu ya tano: wabunge watatu katika kila watano. Na si watatu kati ya watano wa bunge zima, ila kati ya waliopo na kupiga kura. Baraza lina wabunge 120. Republican walikuwa 68, Democratic 52. Wakihudhuria wote, tatu ya tano ya 120 ni 72. Republican wangesimama wote kama mtu mmoja, bado wangepungukiwa na wanne.

Wanne hao walitoka wapi? Baadhi walikuwa Democratic wa vijijini waliokuwa wamezoea kukaa na upande wa pili kwenye mambo ya bajeti. Lakini hao hawakutosha wala hawakuwa na uhakika, na uongozi wa Republican, chini ya Spika Thom Tillis ambaye leo Wamarekani wanamjua zaidi kama seneta, ulikuwa mahiri wa kuhesabu vichwa. Januari ya mwaka huohuo waliwahi kuitisha kikao baada ya saa sita usiku na kubatilisha uamuzi mwingine wa gavana, uliohusu michango ya chama cha walimu, watu wengi wa jimbo wakiwa wamelala. Wakiona kura zipo, wanapiga. Wakiona hazipo, wanasubiri.

Usiku ule wa Julai walipiga kura 119. Tatu ya tano ya 119 ni 71.4, na kwa kuwa hakuna mbunge wa nukta nne, unahitaji 72. Walipata 72 kamili. Carney angebonyeza chekundu, ingekuwa 71 kwa 48, na gavana angeshinda.

Sasa angalia jambo ambalo nililiona nilipokaa na kalamu na mgongo wa bahasha. Tuseme Carney hakubonyeza chochote. Tuseme alitoka nje kunywa maji. Waliopiga kura wangekuwa 118. Tatu ya tano yake ni 70.8, yaani 71. Na ndiyo zingebaki 71. Muswada ungepita! Yaani kwa Democratic kukaa kimya hakukusaidia kitu; ilikuwa lazima mtu apige hapana. Na hesabu hiyohiyo ukiifanya kwa Hamilton, inatoka vilevile. Angepiga hapana, hata kosa la Carney likiwa palepale, ubao ungesoma 71 kwa 48 na muswada ungekufa. Fanya kwa yeyote kati ya wale 72, jibu halibadiliki. Kila mmoja wao ndiye aliyeamua. Ila mmoja tu ndiye aliyeomba radhi.

Mtu atauliza: mbona basi Carney hakuruhusiwa kurekebisha kosa la wazi namna ile? Kanuni za Baraza zinamruhusu mbunge kubadili kura yake, lakini si pale ambapo kubadili kunageuza matokeo. Ukifikiria, kanuni ina mantiki. Bila hiyo, mbunge yeyote angeweza kushinikizwa ukumbini baada ya matokeo kuonekana na kusema "samahani, kidole". Njia ya pili ilikuwa hoja ya kuifikiria kura upya, ambayo kwa desturi hutolewa na mtu wa upande ulioshinda. Na kwa ajali yake, Carney sasa alikuwa upande ulioshinda! Lakini Paul Stam, kiongozi wa wabunge wa Republican, aliwahi. Akatoa hoja ambayo wenyewe wanaiita ya kukaza msumari: unaomba kura ifikiriwe upya na papo hapo unaomba ombi hilo hilo liwekwe kando. Likishawekwa kando, limekwisha. Yote yalichukua muda mfupi kuliko nilivyochukua kuyaeleza.

Carney mwenyewe alisema alikuwa amechoka na anajisikia vibaya, na kwamba maamuzi makubwa hayapaswi kufanywa saa zile. Namwamini. Waliozoea Dodoma, ambako Spika huuliza walioafiki waseme ndiyo na ukumbi ukanguruma, watasema heri mdomo kuliko kitufe. Sina hakika. Katika mngurumo hakuna ajuaye nani alisema nini. Kwenye ubao wa Raleigh kila jina linabaki na rangi yake.

Tuje Wilmington, mji wa bandari kusini mashariki mwa jimbo. Mwaka 1984 mtayarishaji wa filamu Mwitaliano, Dino De Laurentiis, alijenga studio pale, na tangu hapo mji ukawa na riziki ya pili: maseremala wa seti, mafundi umeme, wapishi, madereva, washonaji, wenye nyumba za kupangisha. Studio hizo si mapambo. Kampuni ya filamu ikija, hulala, hula na huajiri. Ili zije, jimbo lilikuwa linazirudishia asilimia 25 ya matumizi yao yanayostahili, kwa kikomo cha dola milioni 20 kwa filamu moja. Kiangazi kilekile cha 2012 filamu kubwa ya Hollywood ilikuwa inapigwa Wilmington, na watu wa mji walikuwa wanaona fedha hiyo mitaani.

Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ya kodi ilikuwa na tarehe ya kufa: 1 Januari 2014. Na Republican wengi hawakuipenda. Waliiona ni serikali kuchagua nani apewe na nani anyimwe. Hamilton alikuwa mbunge wa chama cha wachache, muhula wake wa kwanza, anawakilisha mji ambao sehemu ya mishahara yake ilikuwa inahesabiwa siku. Ana nini cha kuwapa wenye nguvu? Ana kura yake. Basi.

Katika kikao hichohicho nafuu ya filamu ikasogezwa mbele mwaka mmoja, hadi 1 Januari 2015. Na Hamilton akapiga ndiyo kwenye muswada wa gesi. Wakosoaji wake, wengi wao wa chama chake mwenyewe, wakaunganisha vitu hivi viwili na kusema ni nipe nikupe: ameuza maji ya watu wa Lee na Chatham ili Wilmington ipate filamu. Wako waliosema wangemsamehe Carney mara kumi kabla ya kumsamehe yeye mara moja.

Je, kama madai hayo ni ya kweli, ni rushwa? Hapa watu huchanganya mambo. North Carolina inaijua rushwa ya bungeni kwa karibu sana. Mwaka 2003 mbunge Michael Decker alihama Republican akaingia Democratic, Baraza likagawanyika 60 kwa 60, na Jim Black akaendelea kuwa na kiti cha Spika kwa kugawana. Baadaye ikathibitika kwamba Decker alipewa dola 50,000, kwa hundi na fedha taslimu, na sehemu ya kisa hicho ilitokea kwenye mkahawa wa pankeki wa mji wa Salisbury. Wote wawili walitiwa hatiani, na wote wawili walifungwa. Hiyo ni rushwa: fedha imeingia mfukoni mwa mtu.

Kubadilishana kura kwa ajili ya wapiga kura wako ni kitu kingine. Katika majimbo mengi ya Marekani si kosa la jinai, na wengi husema ndiyo kazi yenyewe ya bunge: wewe unajali sana kitu hiki, mimi najali sana kile, tusaidiane. Kuna mahali wamekataa. Katiba ya Wyoming inamhesabu mwenye hatia ya rushwa mbunge anayetoa kura yake kwa sharti kwamba mwenzake naye atampa yake. Lakini Wyoming ni kama mtu anayepiga marufuku chumvi jikoni. Sheria ipo, namna ya kuisimamia ndiyo shida, maana makubaliano haya hayaandikwi popote. Yanasemwa kwenye korido, kwa nusu sentensi.

Mimi naona swali la rushwa linatupotezea muda. Swali lenye uzito ni la nani analipa. Katika nipe nikupe ya kawaida, kila mmoja anatoa chake. Mbunge wa Wilmington hakuwa na visima vya gesi katika eneo lake. Alichokuwa anatoa kilikuwa cha watu wa kaunti nyingine, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwake, ambao hawakuwa na njia ya kumwadhibu kwenye sanduku la kura. Kura yake ilikuwa rahisi kwake kwa sababu gharama ilikuwa ya wengine.

Au tuseme ilionekana hivyo, mpaka ufungue ramani. Mwamba wa gesi uko katika bonde la mto Deep. Mto Deep unakutana na mto Haw katika kaunti ya Chatham, na makutano yao ndiyo yanayozaa mto Cape Fear. Cape Fear unateremka kusini mashariki hadi baharini, na mji ulio karibu na mlango wake, unaokunywa maji yake, ni Wilmington.

Thamani ya kilichopiganiwa nayo haikuwa siri. Mwezi mmoja kabla ya kura ile, wanajiolojia wa serikali ya Marekani walichapisha makadirio yao: wastani wa futi za ujazo trilioni 1.66 za gesi katika bonde lote la Deep River. Tanzania inataja akiba ya zaidi ya trilioni 57. Na bei ya gesi Marekani ilikuwa imeanguka hadi chini ya dola 2 kwa kipimo chao mwezi Aprili 2012, kwa sababu Pennsylvania na Texas zilikuwa zimejaza soko. Mwenye mtaji hakuwa na haraka ya kwenda kuchokonoa bonde hilo dogo.

Tume iliundwa, kanuni zikaandikwa kwa mabishano ya miaka miwili. Mwaka 2014 gavana mpya, Pat McCrory wa Republican, alisaini sheria ya kuruhusu vibali, na katikati ya Machi 2015 kizuizi cha mwisho kikaondoka. Mapema mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema bunge lilivunja katiba kwa kujipa uteuzi wa wajumbe wengi katika tume za namna hiyo, ya mafuta na gesi ikiwemo. Haikuleta tofauti kubwa. Wachimbaji hawakuwa wamepanga foleni.

Hadi leo hakuna kisima hata kimoja cha biashara kilichopasuliwa mwamba North Carolina. Nafuu ya kodi ya filamu nayo ilikufa mwisho wa 2014, mwaka mmoja tu baada ya tarehe yake ya kwanza, mahali pake pakawekwa mfuko wa ruzuku ulioanza na dola milioni 10 kwa jimbo zima, na kampuni nyingi zikahamishia kamera zao Georgia. Hamilton aliendelea na siasa; mwaka 2017 gavana Roy Cooper, wa Democratic, alimteua kuongoza idara ya maliasili na utamaduni ya jimbo.

Na katika orodha ya kura ya 2 Julai 2012, chini ya ndiyo, jina la Carney na la Hamilton yapo pamoja, na mashine haikuweka alama yoyote ya kuyatofautisha.